Ubia wa Pwani na Mgawo Wake

Fungua mpango wowote wa maendeleo ya pwani ulioandikwa karibuni, utakutana na washirika. Wizara ni mshirika, kaunti ni mshirika, mfadhili ni mshirika, na mvuvi wa ngalawa naye ameandikwa mshirika. Istilahi ya Kiingereza ni moja, partnership, nasi tuna mbili za kuifasiri: ushirikiano na ubia. Wengi huzitumia kama pacha, na anayeumia ni mwenye ngalawa.

Ushirikiano ni neno pana. Majirani hushirikiana msibani, polisi wa nchi mbili hushirikiana kumsaka mhalifu, wala hakuna anayedai fungu. Ubia umetokana na bia, neno la siku nyingi: kula bia ni kula pamoja, kila mtu akichanga chake. Mbia ametoa kitu, basi ana fungu na ana kauli. Tanzania ilipotunga sheria mwaka 2010 ya serikali na kampuni kujenga miradi pamoja, iliiita Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi. Palipokuwa na mtaji na faida, neno lilichaguliwa kwa uangalifu.

Madikoni ubia hauhitaji kufundishwa. Chombo kikirudi na samaki wakanadiwa, kwanza hutolewa gharama za safari: mafuta, barafu, chambo, chakula. Kinachobaki hugawanywa mafungu: la chombo, la nyavu, la mashine kama ipo, la nahodha, na ya mabaharia. Viwango hutofautiana diko hadi diko, lakini kila anayepanda anajua kabla ya kung'oa nanga hesabu yake itapigwaje. Mtu wa namna hiyo ukimwita mbia, atakuuliza mara moja: fungu langu ni lipi?

Lipo pia neno shirikishi. Tanzania Bara ina Vikundi vya Usimamizi Shirikishi wa Rasilimali za Uvuvi, ambavyo wavuvi wenyewe huviita BMU. Kushirikisha kuna mwenye kushirikisha na mwenye kushirikishwa, na hapo jina ni la haki, maana mamlaka yanatoka serikalini na wanakijiji wanapewa sehemu ya kuyatekeleza. Ninachokipinga ni mkutano wa siku moja wa kukusanya maoni, posho ikilipwa na mahudhurio yakisainiwa, kuandikwa kwenye ripoti kuwa ni ubia na jamii.

Ubia hasa tunao wa kuutazama kule Gazi, Kwale, nchini Kenya. Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza hewa ya kaboni mwaka 2013, unalinda hekta 117 za mikoko. Msitu ni wa serikali, utaalamu unatoka kwa watafiti wa bahari, ulinzi na upandaji ni wa wanakijiji wa Gazi na Makongeni. Fedha zinazorudi zimeingia kwenye maji na shule, na wanakijiji wana kauli juu ya matumizi yake. Kila upande umechanga, kila upande una fungu. Kusini zaidi, karibu na mpaka wa Tanzania, vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu viliufuata mfano huo, na chama chao cha msitu kikachukua herufi za mwanzo za vijiji hivyo: VAJIKI.

Na ubia au ushirikiano ukiongezewa neno kikanda, mwandishi aseme kanda ipi. Jumuiya ya Kaunti za Pwani ina kaunti sita za Kenya. Mkataba wa Nairobi wa mwaka 1985, wa kulinda mazingira ya bahari na pwani, unagusa nchi za magharibi mwa Bahari ya Hindi, Somalia hadi Afrika Kusini, pamoja na visiwa. Mvuvi wa Vanga yumo katika kanda zote mbili, na mgawo wa moja si mgawo wa nyingine.

Kwa hiyo ningependa watafsiri na maofisa mipango wakubaliane hivi: pasipo mchango, fungu na kauli, tuandike ushirikiano, vikiwepo vyote vitatu, tuandike ubia. Nawe mwanapwani, ukiletewa rasimu inayokuita mbia, tafuta kwanza ukurasa wenye mgawo. Ukiukosa, usitie saini mpaka uandikwe.