UZI: Ukisikia "tumejenga", uliza kama fundi amelipwa

1/ Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa kinyozi hapa Nyeri mjini, redio ikitoa mjadala wa siasa. Mmoja anasema, "Barabara hii tumejenga sisi." Mwingine anajibu, "Mlikuta tumeianzisha." Kinyozi akapunguza sauti, akasema: "Wote wamejenga, na mimi bado ni mpangaji." Tulicheka, lakini hilo neno nilienda nalo nyumbani.

2/ Kwa wageni: nasoma sayansi ya siasa, mwaka wa tatu. Sheria ya hapa mnaijua. Hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama, tunachambua hoja tu. Hoja ya leo: ujenzi ndio maendeleo? Nitaanza mbali kidogo, manake huku mlimani hadithi ya ujenzi ina umri kuliko mabango ya kampeni. Uzi ni mrefu, chukua chai.

3/ Kwanza tuwe wa haki. Wanaosifu mjengo wana hoja. Chukua ghorofa moja tu inayopanda Karatina. Kuna wachimbaji wa mawe, dereva wa lori, mwenye hadiwea, mafundi, watu wa mkono, fundi wa stima, fundi wa mabomba, na mama anayeleta githeri saa saba. Pesa moja inapita mikono minane kabla ya jioni.

4/ Tena mjengo hauulizi cheti. Kijana amemaliza shule Ijumaa, Jumatatu amebeba karai. Katika nchi yenye vijana wengi na viwanda vichache, hiyo si kitu kidogo. Ndiyo maana kila serikali ikitaka kuonyesha kazi haraka, inakimbilia simiti na lami.

5/ Sasa historia. Zamani za wazee wetu, nyumba ya Mkikuyu ilijengwa kwa siku moja. Wanaume wanakata miti na kusimamisha nguzo, wanawake wanaleta nyasi za kuezeka, na mwenye nyumba analisha watu. Kusaidiana huko kwa zamu tunaita ngwatio. Hakuna mshahara, lakini kuna deni linalojulikana: leo kwangu, kesho kwako. Shika hilo neno deni.

6/ Murang'a, ambayo wakoloni waliita Fort Hall, ilianza kama ngome mwaka wa 1900. Nyeri ikafuata 1902, baada ya msafara wa kijeshi uliomwaga damu nyingi. Miji yetu mingi haikuanza na soko, ilianza na kambi. Na kambi inataka barabara. Nani atailima? Chifu alipewa idadi ya watu wa kutoa, akawatoa. Wengi walikuwa wanawake na wasichana, na hawakulipwa.

7/ Wakati huohuo ujuzi mpya uliingia. Wamisionari wa Consolata walifika 1902, Waskoti wakafungua Tumutumu 1908, na kwenye misheni hizo vijana wakafundishwa uashi na useremala. Mafundi wa Kihindi nao wakajenga maduka ya mawe na mabati. Reli iliyofika Thika 1913 ikasogezwa kupitia Sagana na Karatina hadi Nanyuki karibu mwaka wa 1930.

8/ Reli hiyo ilileta nini? Karatina ikawa soko kubwa la mboga. Nanyuki ukawa mji wa walowezi. Kwa hivyo usiniambie miundombinu haileti uchumi, inaleta. Swali ni uchumi wa nani. Ilijengwa kubeba mazao ya mzungu, na Mwafrika akafaidi pale alipopata upenyo, kama mama zetu wa Karatina.

9/ 1947 wanawake wa Murang'a walichoka. Serikali ilikuwa ikiwalazimisha kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, siku kadhaa kila wiki, bila malipo. Wakagoma. Kitaalamu matuta yalikuwa wazo zuri, hata leo mkulima wa Murang'a anayo. Walichokataa ni kufanya kazi ya bure kwa amri, kwenye mpango ambao hawakuulizwa.

10/ Halafu ikaja Hali ya Hatari, Oktoba 1952. Hapa ndipo mlima uliona ujenzi mkubwa kuliko wote, na hakuna anayeuita maendeleo. Kati ya 1954 na 1955 zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kutoka mashamba yao, wakaingizwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mitaro na miiba. Nyumba walijenga wenyewe, upesi upesi, askari wakisimamia.

11/ Shosho wangu alikuwa msichana wa miaka kumi hivi. Anasema mama yake alikuwa akitoka alfajiri kwenda kuchimba handaki kando ya msitu, na yeye anabaki na watoto. Handaki hilo la kuwatenga wapiganaji na chakula lilifika kama maili 50 kandokando ya Mlima Kenya. Nilimuuliza mama yake alilipwa nini. Akaniangalia kama nimepotea. "Alilipwa kurudi nyumbani jioni."

12/ Waliozuiliwa kambini nao walijenga. Mifereji ya kwanza ya mpunga wa Mwea ilichimbwa na mahabusu. Uwanja wa ndege wa Embakasi, uliofunguliwa 1958, ni jasho la wafungwa pia. Ukila pishori leo, unakula matunda ya ujenzi ambao takwimu zinauhesabu kama uzalishaji, na waliouchimba hawakuona faida yake.

13/ Na haijaisha. Baadhi ya vile vijiji vya ukoloni bado vipo Nyeri. Watu wamezaa na kujukuu kwenye vipande ambavyo hawana hati yake. Bila hati hakuna benki itakayokukopesha ujenge nyumba ya mawe, kwa hivyo unabaki kwa mbao na mabati. Kwa wengi wetu uchumi wa ujenzi unaanzia hapo, kwenye karatasi. Kila kampeni hati inaahidiwa tena.

14/ Uhuru, 1963. Neno likawa Harambee. Watu walewale waliochimba kwa lazima, sasa wakachanga kwa hiari. Mmoja analeta kuku, mwingine gunia la mahindi lipigwe mnada, mwingine siku mbili za kubeba mawe. Shule nyingi za sekondari huku mlimani zilianza hivyo. Hata chuo kikuu cha Dedan Kimathi pale Nyeri kilianzia kwenye harambee ya 1972 ya kujenga taasisi ya ufundi.

15/ Mimi naona harambee ilikuwa ngwatio iliyovaa suti. Uzuri wake: watu walijua hesabu, na jengo lilikuwa lao. Ubaya wake: maeneo yenye kahawa na chai yalijenga haraka kuliko yasiyo na kitu. Na polepole mchango ukageuka jukwaa. Mkubwa anakuja na bahasha, anatangaza kiasi, anapigiwa makofi. Mwananchi akazoea kuambiwa "nimewajengea".

16/ Kuna kipande cha historia ambacho sijawahi kukisikia redioni, na ndicho nakipenda zaidi. 1974 Kenya ilianza mpango wa barabara za mashambani kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani. Badala ya matingatinga, walitumia jembe, sepetu na toroli, na wafanyakazi wa vijiji vinavyopitiwa na barabara. Kwa mshahara. Zaidi ya miaka kumi baadaye zilikuwa karibu kilomita 8,000.

17/ Uzuri ulikuwa kwenye matunzo. Mtu anayeishi kando ya barabara alipewa kipande chake, kilomita moja au mbili, afyeke, azibue mitaro, azibe mashimo, alipwe kila mwezi. Nchi nyingine zilikuja kujifunza kwetu. Kahawa na majani chai vikafika kiwandani hata mvua ya Aprili ikinyesha. Na pesa ya barabara ilibaki kijijini: ilinunua sukari, ikalipa karo.

18/ Linganisha na lami. Lami yenyewe tunaagiza nje. Mashine zinatoka nje. Sehemu kubwa ya chuma pia. Mara nyingi mkandarasi mkuu ni wa nje. Kinachobaki kwetu ni mawe, kokoto, na mikono. Sisemi turudi kwa jembe, barabara ya njia nne huwezi kuichimba na jembe. Nasema tukitajiwa mabilioni, tuulize ni mangapi yatalala hapa usiku mmoja.

19/ Na barabara kubwa inasaidia, nisiwe mnafiki. Kenol–Sagana–Marua, kilomita 84, njia mbili kila upande. Nakumbuka nikiwa mdogo tukikwama nyuma ya lori pale milima ya Sagana hadi maziwa ya mtu yanaganda. Sasa ploti kando ya barabara zimepanda bei, Chaka inakua kila ukipita. Hiyo ni faida ya kweli, ingawa mwenye ploti anaiona kabla ya mwenye karai.

20/ Tufike kwa mwenye karai. Baba yangu ni fundi wa mawe. Mwaka juzi alipata kazi kwenye mradi wa umma, mji jirani, chini ya mkandarasi mdogo aliyepewa kazi na mkandarasi mkubwa. Mwezi wa kwanza walilipwa. Wa pili nusu. Wa tatu na wa nne waliambiwa, "Ngojeni kidogo, serikali haijatuma." Ukuta aliujenga ukasimama. Pesa hazijafika mpaka leo.

21/ Muhula huo sikufanya mitihani. Karo haikutimia. Mama wa kibanda aliyekuwa akiwapa chakula kwa daftari alifunga, manake yeye pia alikuwa na deni la unga. Si yule mkandarasi mdogo pekee mwenye kosa. Yeye alikuwa amechukua mkopo, na dalali akaja kwake pia. Ile pesa inayopita mikono minane, ikikwama juu, ni njaa inayopita mikono minane.

22/ Na si baba peke yake. 2025 serikali ilikiri kudaiwa na wakandarasi wa barabara takriban shilingi bilioni 175. Ili kulipa, shilingi 7 za ushuru wa barabara kwenye kila lita ya mafuta ziliwekwa rehani kwa wakopeshaji. Ushuru wenyewe ulikuwa umepandishwa 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25. Yaani bodaboda wa Othaya analipia lami ya jana kila anapojaza tangi.

23/ Matokeo yalionekana kwenye vitabu. Ripoti ya KNBS ilionyesha sekta ya ujenzi 2024 ilisinyaa kwa asilimia 0.7, baada ya kukua kwa asilimia 3.0 mwaka uliotangulia. Saruji iliyonunuliwa ilipungua. Mwanauchumi anasoma hiyo kama namba. Mimi nilikuwa nimeisoma mapema, kwa viatu vya baba vikikaa vikavu mlangoni.

24/ Hata ule mpango wa kuwapa vijana, wanawake na walemavu asilimia 30 ya zabuni za serikali ni mzuri kwenye karatasi. Lakini kampuni kubwa inaweza kungoja malipo miaka miwili. Kijana aliyekopa kununua mchanga hawezi hata miezi sita. Kuchelewesha malipo kunawachuja wadogo bila sheria yoyote kubadilishwa.

25/ Tozo ya nyumba nayo? Asilimia 1.5 ya mshahara wako, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Mahakama Kuu ilikataa sheria ya kwanza Novemba 2023, sheria mpya ikapita Machi 2024. Wanaoitetea wanasema mafundi wamepata kazi, na ni kweli, nawajua baadhi. Wanaoipinga wanasema hawakuchagua kuchangia nyumba ambayo huenda wasiipate. Hiyo pia ni kweli.

26/ Ukisoma historia ya mlima, mabishano hayo si mapya. Ni swali la 1947 likirudi: wazo linaweza kuwa zuri, lakini nani aliulizwa na nani analipwa? Mwalimu anayekatwa, fundi anayejenga, na mpangaji anayetafuta nyumba si maadui. Wote wako kwenye deni moja, na wote wana haki ya kuona daftari.

27/ Kwa hivyo mkija kuombwa kura kwa picha za matingatinga, mimi naona maswali ni matatu. Moja: waliojenga wamelipwa, na kwa muda gani? Mbili: kati ya hizo pesa, ngapi zilibaki hapa? Tatu: mvua ikinyesha miaka mitano, ni nani amepewa kazi ya kuzibua mtaro? Akijibu hayo, mpigie makofi, awe ni nani.

28/ Jana nilimsomea shosho uzi huu kabla ya kuuweka. Alisikiliza mpaka kwa baba, akanikatiza: "Sisi tulichimba bure na tulijua ni bure. Baba yako aliambiwa ni kazi." Halafu akaniuliza kama nimelipa karo ya muhula huu. Nimelipa nusu.

29/ Mwisho. Kama wewe ni fundi, mtu wa mkono, dereva wa lori au mama wa kibanda, na kuna mradi wa umma uliofanya ukangoja malipo, niandikie hapa chini: mji gani, ulingoja miezi mingapi. Usitaje jina la mtu wala kampuni. Nataka tuhesabu miezi tu, manake kwenye mijadala kilomita zimeshahesabiwa vya kutosha.