Uthibitishaji wa utambulisho katika tovuti na API

Uthibitishaji wa utambulisho ni hatua ambayo mfumo wa kompyuta huhakikisha kwamba anayeomba kuingia kweli ndiye anayedai kuwa. Hutofautiana na uidhinishaji, unaoamua aliyekwisha kutambuliwa aruhusiwe kufanya nini. Katika kuchagua njia, mambo mawili hutangulia: anayeingia ni mtu au programu, na ruhusa yake inaweza kufutwa upesi kiasi gani.

Nywila na kuki

Nywila zilitumika tangu miaka ya 1960 katika CTSS, mfumo wa kompyuta ya pamoja wa chuo cha MIT, Marekani. Kwenye wavuti lilizuka tatizo jingine: HTTP, itifaki ya wavuti, haikumbuki ombi lililotangulia. Mwaka 1994 Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alibuni kuki. Mtumiaji akishaingia, seva huhifadhi kumbukumbu ya kipindi chake na kukipa kivinjari namba ya siri ndani ya kuki, ambayo hurudishwa katika kila ombi. Kwa tovuti ya kawaida njia hii ingali inafaa, kwa kuwa kumbukumbu ikifutwa mtumiaji hutolewa papo hapo. Kuki hiyo huwekewa alama ya HttpOnly ili JavaScript isiisome, na Secure ili isafiri kwa HTTPS pekee.

Tokeni

JWT, aina ya tokeni iliyosanifishwa mwaka 2015 kwa waraka wa RFC 7519, hubeba taarifa za mtumiaji pamoja na saini ya kidijitali. Seva yoyote yenye ufunguo wa kuhakiki huikubali bila kuuliza hifadhidata, jambo linalofaa mifumo yenye seva nyingi. Wepesi huo una gharama yake: tokeni ikishatolewa ni vigumu kuibatilisha kabla ya muda wake, hivyo hupewa muda mfupi. Aidha, kwa kawaida yaliyomo hutiwa saini tu bila kufichwa, kwa hiyo hayafai kuwa na siri.

Programu kwa programu

Ufunguo wa API, yaani msimbo wa siri ambao programu hujitambulisha nao, ni rahisi kutumia, lakini ukivuja hufanya kazi hadi mwenyewe agundue na kuufuta. Kiwango cha OAuth 2.0 (RFC 6749, 2012) hupunguza hatari hiyo: programu huwasilisha kitambulisho na siri yake, ikapewa tokeni ya muda. Daraja, API ya M-Pesa ya Safaricom nchini Kenya, hufuata utaratibu huo, na tokeni yake hudumu kama saa moja. OAuth yenyewe ni ya uidhinishaji; OpenID Connect, ya mwaka 2014, ndiyo iliyoongeza utambulisho wa mtumiaji juu yake.

Hatua ya pili na funguo za kifaa

Baada ya nywila, mtumiaji huweza kudaiwa hatua ya pili. Namba ya siri inayotumwa kwa SMS huweza kunaswa na tapeli aliyehamishia laini ya mwenzake kwenye kadi nyingine. Namba zinazozalishwa na simu yenyewe (RFC 6238, 2011) huepuka hatari hiyo, ila mtu bado huweza kulaghaiwa aziandike kwenye tovuti bandia. WebAuthn, kiwango cha kuingia kwa funguo za kifaa kilichopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2019, huziba mwanya huo: ufunguo wa siri haupelekwi kwa seva, na saini yake hufungamana na anwani ya tovuti halisi. Hata hivyo, tovuti inayotumia WebAuthn lakini ikakubali kurejesha akaunti kwa SMS hubaki na udhaifu wa SMS.