Muuguzi, Mkunga na Uhai wa Mtoto Mchanga

Swali la nani aruhusiwe kumtibu mtoto mchanga si la kitaalamu tu. Ni swali la mamlaka, na kwa hiyo lina historia. Ukilitazama juu juu utadhani daktari alikuwapo tangu mwanzo, muuguzi akaja baadaye kumsaidia. Ukweli ni kinyume: watoto wa wakulima wetu walipokewa na mikono ya wakunga vizazi na vizazi kabla ya hospitali ya kwanza kujengwa.

Ukoloni ulijenga hospitali zake kubwa mijini na ukawapanga watumishi kwa ngazi, daktari Mzungu juu, muuguzi Mwafrika chini, kazi yake kutii. Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Ni nani basi aliyekuwa akiwazalisha akina mama wa Kigoma na Lindi? Hata hivyo kasumba kwamba tiba ni mali ya daktari haikushuka pamoja na bendera ya mkoloni.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, nguvu zilianza kuelekezwa kwenye zahanati na vituo vya afya vijijini. Katika miaka ya 1970 serikali ilifundisha wasaidizi wa afya ya mama na mtoto, wasichana waliomaliza darasa la saba, kwa muda wa miezi 18. Wapo waliowabeza kuwa ni waganga nusu. Wabezaji hao, tunavyojua, hawakuwa wakiishi vijijini.

Tena jambo hili halikuwa la nchi maskini peke yake. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, muuguzi Loretta Ford na daktari Henry Silver walianzisha mafunzo ya kumwezesha muuguzi kuwapima na kuwatibu watoto yeye mwenyewe. Madaktari walikuwapo, ila si vijijini wala katika mitaa ya maskini, kwa sababu soko humpeleka daktari penye fedha. Miaka ya 1970 hospitali za huko zikaanza kuwakabidhi wauguzi wa namna hiyo hata watoto wachanga mahututi.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Kati ya watoto 100 wanaozaliwa, kama 10 huhitaji msaada ili waanze kupumua. Wengi wao hukaushwa na kusuguliwa mgongo, basi wakalia. Wachache hupuliziwa hewa kwa mfuko na barakoa, na lazima ianze ndani ya dakika moja. Dakika moja! Daktari aliye mji mwingine, au hata jengo la pili, hana la kufanya. Mwenye uwezo ni yule aliyeshika mtoto.

Ushahidi ulipatikana hapa hapa Tanzania. Kuanzia mwaka 2009 wakunga wa hospitali 8 walifundishwa kazi hiyo kwa mpango wa Kuwasaidia Watoto Kupumua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa vifo vya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47, na watoto walioandikwa kuwa wamezaliwa wafu kwa asilimia 24. Takwimu hii ya pili ndiyo inayotusumbua. Maana yake ni kwamba baadhi ya waliokuwa wakifunikwa kwa khanga na kuandikwa wafu walikuwa hai, ila hawajavuta pumzi.

Lakini tusidhani semina inatosha. Katika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, ilionekana kuwa mafunzo ya siku moja yaliwafanya wakunga wafaulu mtihani, ila wodini mambo yakabaki yale yale. Mabadiliko yalikuja walipoanza kufanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara, kwa sanamu ya mtoto, mahali pa kazi. Viongozi wanaopenda kufungua semina na kupigwa picha wangefaa kulifikiria hilo.

Mazoezi ya namna hiyo yalipopelekwa katika hospitali na vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na siku chache baadaye vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila watoto 1,000, kama ilivyotangazwa mwaka 2025. Walioongoza mazoezi hayo wodini walikuwa wakunga na wauguzi wenyewe, wakisahihishana baina yao.