Majestic na Hadhira Tuliyoisahau

Wahakiki wetu wana ugonjwa mmoja wa siku nyingi. Wakisikia neno "hadhira" humfikiria mtu aliyeshika kitabu, au mtoto aliyeketi karibu na moto akisimuliwa hadithi na bibi yake. Mtu aliyekata tikiti ya sinema hawamwoni kabisa. Na wakimwona, humfungulia kesi: eti aliacha vya kwao akakimbilia vya Wahindi na Wazungu, kwa hiyo ni mateka wa kasumba. Katika makala haya nataka kumtetea mtu huyo. Shahidi wangu wa kwanza ni gofu la jumba la sinema lililoko Vuga, Mji Mkongwe wa Unguja, liitwalo Majestic.

Kabla ya Majestic, mahali hapo palikuwa na jumba jingine, Royal, lililofunguliwa mwaka 1921. Mchoraji wake alikuwa J. H. Sinclair, ofisa wa Kiingereza ambaye ndiye aliyechora pia Mahakama Kuu na jumba la makumbusho la Beit el-Amani. Royal liliteketea kwa moto mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1955 Majestic likafunguliwa pale pale. Tofauti ya majengo hayo ni tofauti ya zama. Sinclair alipenda matao na makuba, yaani Unguja kama Mwingereza alivyotaka kuiona. Majestic halina habari hiyo. Sura yake ni ya kisasa, ya mji uliokuwa ukijihesabu kuwa sawa na Bombay au Cairo.

Niliingia humo mchana mmoja, kwa hisani ya mtu aliyekuwa akilinda mlango. Ukumbi haukuwa na paa. Jua lilipiga hadi sakafuni na majani yalikuwa yameota walipokuwa wakikaa watu. Hata hivyo jengo bado lilisomeka. Ulijua watu walipopanga foleni, mahali pa kuingilia, na ukuta wote walioukabili. Mimi niliyezoea kuhakiki fani na maudhui ya vitabu nilijiuliza: je, jumba nalo si matini?

Basi tulisome. Jambo la kwanza ni mpangilio wa viti. Katika nchi za kusini mwa Afrika watu waliketishwa sinema kwa rangi zao. Unguja hapakuwa na ubaguzi wa namna hiyo. Kilichokutenga ni bei ya tikiti. Hatuna budi kusema kweli: utabaka ulikuwepo, na mwenye nacho alikaa pazuri. Lakini mchukuzi wa bandarini, karani na mwenye duka waliiona picha moja, saa moja, chini ya paa moja. Katika mji ambao wakoloni waliwagawa watu kwa makabila hata kwenye orodha za serikali, hilo si jambo dogo.

Jambo la pili ni picha zenyewe. Chukua Awaara, ya mwaka 1951, ya Raj Kapoor na Nargis, iliyopendwa mno Unguja na pwani nzima. Hakimu anamfukuza mkewe mjamzito kwa kumshuku kwamba mimba ni ya jambazi. Anaamini kuwa mtoto wa mwizi lazima awe mwizi. Mtoto anakulia katika umaskini, anakuwa mwizi kweli, na mwishowe anasimama mahakamani mbele ya baba asiyemtambua. Swali la picha ni hili: mtu ni damu au ni malezi? Sasa mweke mtazamaji wa Unguja mbele ya swali hilo. Mwaka 1957 ulifanyika uchaguzi wa kwanza, na hadi 1963 siasa yote ya visiwa ilizunguka hoja ya nani ni nani, katoka wapi, na nani mwenye nchi. Picha ilitengenezwa India kwa ajili ya Wahindi, ni kweli. Lakini maana haikuja imefungwa ndani ya mkebe wa filamu. Hadhira iliitengeneza yenyewe palepale, kutokana na mambo yaliyokuwa yakiiumiza.

Bibi yangu, aliyekulia Ng'ambo, alikuwa akienda kwenye maonyesho ya wanawake peke yao. Lugha ya Kihindi hakuijua. Nilipomuuliza alikuwa akielewa nini, alinicheka. "Mjukuu wangu, sie tulikwenda kulia." Akanieleza jinsi walivyoijadili picha njia nzima: nani kakosa, mume au mke, na ingekuwa wewe ungefanyaje. Jamani, huo si uhakiki? Sisi tunakaa kwenye semina tukibishana kuhusu mhusika, na wao walifanya kazi hiyo hiyo ndani ya mabuibui, bila kulipwa posho.

Jambo la tatu latuhusu sisi wa fasihi moja kwa moja. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilishinda mashindano ya uandishi ya 1957-58 ikachapwa mwaka 1960. Wahakiki hawakuchoka kumlinganisha Bwana Msa na Sherlock Holmes, yaani kitabu kwa kitabu. Sawa. Lakini kufikia 1960 watu wa mjini walikuwa na sinema yao kwa miaka 40 hivi. Walikwisha zoea fumbo linalofichuliwa hatua kwa hatua, walimjua "stelingi" na walimjua "adui". Sidai kwamba mwandishi aliiga picha fulani. Nadai kwamba msomaji wake alikuwa tayari, na utayari huo ni sehemu ya historia ya riwaya yetu. Wanamuziki walikwisha onyesha njia: wapenzi wa taarab wanajua jinsi Juma Bhalo wa Mombasa alivyotia mashairi ya Kiswahili katika lahani za picha za Kihindi.

Basi nini kiliua majumba haya? Mitaani utaambiwa: televisheni. Hoja hiyo haitoshi. Zanzibar ilipata televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, na watu waliendelea kujaza sinema. Bara haikuwa na televisheni hadi 1994, na huko majumba yalikwisha anza kuchakaa katika miaka ya 1980. Sababu ni nyingi zilizoshikana. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilichukua majumba ya Unguja. Bara majengo yalitaifishwa mwaka 1971. Baadaye fedha za kigeni zikaadimika, filamu mpya na vipuri vikawa shida, na kanda za video zikamaliza kazi. Uwanja wa Drive-In wa Dar es Salaam, uliofunguliwa 1966, leo una Ubalozi wa Marekani. Empire ya Unguja iligeuzwa duka.

Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka Desemba 2020, tulilia wote, na tulikuwa na haki ya kulia. Lakini lile lilikuwa jumba la Sultani Barghash. Majestic lilikuwa jumba la yeyote mwenye nauli ya tikiti, na paa lake lilikwenda kimya kimya. Tamasha la filamu la ZIFF, lililoanza 1998, limekuwa likionyesha picha zake Ngome Kongwe, na jumba la sinema liko gofu umbali wa dakika chache kwa miguu.

Siku hizi wapo wanaohangaika kulitengeneza upya, nasi tuwaunge mkono. Ila kuta zinaweza kujengwa tena wakati wowote, fedha zikipatikana. Watazamaji hawawezi. Kijana aliyekuwa na miaka 20 Majestic lilipofunguliwa, kama yu hai, amepita miaka 90. Kwa hiyo nawaomba wenzangu mnaotafuta mada za tasnifu, nanyi walimu mnaozipitisha: chukueni vinasa sauti, nendeni Ng'ambo, Kikwajuni na Malindi, mkaulize wazee waliona nini na walibishana nini njiani. Riwaya ya Bwana Msa itakuwepo maktabani mwakani. Wao hatuna hakika.