Monica Wilson na Kasitile

Monica Wilson (jina la kuzaliwa: Monica Hunter, Lovedale, Afrika Kusini, 3 Januari 1908 – Hogsback, Afrika Kusini, 26 Oktoba 1982) alikuwa mwanaanthropolojia na mwandishi wa vitabu juu ya Wanyakyusa wa Rungwe, katika mkoa wa Mbeya, Tanzania. Mengi aliyoandika kuhusu dini yao ya jadi yanatokana na mafundisho ya Kasitile, kuhani wa ukoo wa waleta mvua, katika miaka ya 1930.

Kufika Rungwe

Monica alikuwa binti wa wamisionari, akabaki Mkristo maisha yake yote. Alisoma Chuo cha Girton, Cambridge, na mwaka 1936 alitoa kitabu chake cha kwanza, juu ya Wapondo wa Afrika Kusini. Mwaka 1935 aliolewa na Mwingereza Godfrey Wilson, mwanafunzi wa Bronisław Malinowski, ambaye alikuwa ameanza utafiti Unyakyusa mwaka 1934. Akamfuata huko, na kazi yao ya pamoja ikaendelea hadi 1938.

Waligawana kazi. Monica alikaa zaidi na wanawake, akifuatilia uzazi, mapacha, unyago wa wasichana na misiba. Godfrey alikaa na wanaume, na ndiye aliyefanya mazungumzo mengi na Kasitile. Msaidizi wao mkuu alikuwa Leonard Mwaisumo, Mnyakyusa msomi. Kwa hiyo mafundisho ya kuhani yalipita kwa watu kadhaa kabla ya kuwa kitabu, jambo ambalo msomaji wa leo hana budi kulikumbuka.

Mafundisho ya Kasitile

Kasitile hakuwa mhubiri. Kazi yake ilikuwa kutambika ili mvua inyeshe, chakula kipatikane na magonjwa yakae mbali, na aliyoyaeleza yalihusu kazi hiyo. Alisimulia habari za Lwembe, mfalme mtakatifu wa Lubaga, ambaye afya yake ilihesabiwa kuwa afya ya nchi nzima. Zamani Lwembe hakuachwa afe kwa ugonjwa. Makuhani walimziba pumzi, na kabla hajakata roho walimng'oa nywele na kucha ili rutuba isiondoke naye.

Fundisho lililomgusa Monica kuliko mengine lilihusu hasira. Kwa Wanyakyusa, hasira iliyofichwa moyoni iliweza kuleta ugonjwa, hata kama mwenye nayo hakusema neno. Manung'uniko ya wanakijiji dhidi ya mkosaji yaliitwa pumzi ya watu, baridi inayompata mtu mwilini. Ndiyo maana ndugu au makuhani waliogombana walitakiwa kwanza kuyasema yaliyo moyoni. Tambiko lililofanywa na watu walionuniana lilikuwa bure. Monica aliirudia hoja hii katika maandishi yake mengi, na mwaka 1959 alitoa mhadhara wa heshima ya James Frazer kuhusu wafalme watakatifu na pumzi hiyo ya watu.

Suala lingine lilikuwa jina Kyala. Wamoravian na Misheni ya Berlin, waliofika mwaka 1891, walilitumia kwa maana ya Mungu. Monica alieleza kwamba zamani Kyala alikuwa mmoja wa mashujaa waliotambikiwa, kama Lwembe, na kwamba maana ya jina ilibadilika pamoja na mahubiri. Wakati huo Ukristo ulikuwa na zaidi ya miaka 40 Rungwe, kwa hiyo Kasitile alisema habari za dini ambayo majirani zake wengine walikuwa wameshaiacha.

Vitabu

Mwaka 1938 Godfrey alichaguliwa kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone, katika Zambia ya leo. Alifariki mwaka 1944, na Monica akabaki na wana wawili wadogo na madaftari ya watu wawili. Alifundisha Fort Hare, kisha Chuo Kikuu cha Rhodes, na kuanzia 1952 Chuo Kikuu cha Cape Town, huku akiyaandika upya madaftari hayo.

Cha kwanza kilikuwa Good Company (1951), juu ya vijiji vya marika, ambamo wavulana waliondoka kwa wazazi na kujenga kijiji chao. Mwaka 1955 alirudi Rungwe. Rituals of Kinship ilitoka mwaka 1957, na Communal Rituals of the Nyakyusa mwaka 1959. Hiki cha mwisho ndicho kinachomhusu Kasitile zaidi: maneno yake yamewekwa kwa kirefu na kwa jina lake, si kama kauli ya "mzee mmoja", jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa vitabu vya wakati huo. Hata hivyo, jina lililo kwenye jalada ni la Monica peke yake. For Men and Elders kilifuata mwaka 1977.

Makala yake ya mwaka 1954 kuhusu matambiko na ishara za Wanyakyusa ilitumiwa na Victor Turner mwanzoni mwa The Ritual Process (1969), na kwa njia hiyo mafunzo yaliyopatikana Rungwe yalifika kwa wanafunzi wa anthropolojia wa nchi nyingi.