Mkristo wa Madras aliyeziokoa raga

Desemba 2027 itatimia miaka 100 tangu chama cha Congress cha India kifanye mkutano wake mkuu mjini Madras, ambao sasa ni Chennai, sambamba na kongamano la muziki. Kongamano hilo ndilo lililozaa Music Academy, taasisi iliyozinduliwa mwaka 1928 na ambayo hadi leo ni mhimili wa msimu wa muziki wa Desemba katika jiji hilo. Miaka 100 ikiadhimishwa, watunzi wakubwa watatajwa bila shaka. Anayestahili kukumbukwa pamoja nao ni Chinnaswami Mudaliar, ambaye hakuwa mtunzi.

Muziki wa Karnatiki, yaani muziki wa jadi wa India ya Kusini, husimama juu ya shruti, sauti ya msingi inayoshikiliwa na tambura, ala ya nyuzi, tangu mwanzo hadi mwisho. Juu yake hupandishwa svara saba: sa, ri, ga, ma, pa, da, ni. Mapigo hupangwa kwa tala, na msikilizaji huihesabu kwa viganja na vidole akiwa kitini. Adi tala, iliyozoeleka kuliko zote, ina mapigo manane. Raga ni zaidi ya ngazi ya sauti, jambo ambalo wapiga taarabu wanaozijua maqamu watalielewa upesi. Kila raga ina namna yake ya kupanda, ya kushuka na hasa ya kuitikisa sauti. Mtikisiko huo ndio gamaka. Ukiuondoa, raga imekufa.

Katika karne ya 17, huko Thanjavur, mwanazuoni Venkatamakhin alipiga hesabu. Sa na pa hazibadiliki, ma ina namna mbili, ri na ga zina jozi sita, da na ni pia sita. Sita mara sita mara mbili ni mela 72, yaani ngazi za msingi za raga. Alijigamba kwamba hata mungu Shiva hawezi kuongeza wala kupunguza mela moja, ingawa yeye mwenyewe alikiri kuwa zilizotumika wakati wake ni 19 tu. Baadaye walikuja Syama Sastri, Tyagaraja na Muthuswami Dikshitar, wote wazaliwa wa Tiruvarur, wakaujaza mpango huo nyimbo.

Nyimbo hizo ziliishi vinywani mwa walimu na wanafunzi wao. Mwalimu akifa bila mrithi, zilizikwa naye.

Hofu hiyo ndiyo iliyomkosesha Mudaliar usingizi. Alikuwa Mkristo, msomi, tena mjuzi wa nota za Kizungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 alianza kuchapisha nyimbo za Karnatiki kwa nota hizo. Akamwendea Subbarama Dikshitar huko Ettayapuram, mrithi wa ukoo wa Muthuswami na wa hazina yake ya nyimbo. Mzee alisita, kwani hazina ya ukoo haikuwa kitu cha kumwagwa sokoni. Mudaliar, ambaye macho yake yalikuwa yakififia, hakukata tamaa. Aliomba hadi kwa raja wa Ettayapuram, na raja akamtaka Subbarama akubali.

Mwaka 1904 kikatoka Sangita Sampradaya Pradarsini, kitabu kikubwa cha Subbarama kwa Kitelugu, chenye nyimbo, maisha ya watunzi na, jambo la thamani kuliko yote, alama za kuandika gamaka. Mudaliar hakuishi kukiona.

Kitabu hicho kilifuata majina ya mela ya ukoo wa Dikshitar, tofauti na yale yanayofundishwa sana leo. Mela ya kwanza wengi huiita Kanakangi, wao Kanakambari. Ya 65 kwa wengi ni Mechakalyani, kwao Shantakalyani. Wataalamu wamebishana kwa miongo kuhusu mpango upi ni wa asili, na wasingekuwa na la kubishania laiti kitabu kisingekuwapo.

Music Academy ilitoa tafsiri ya Kitamil kuanzia miaka ya 1960, na leo kitabu kinasomeka pia kwenye intaneti. Hata hivyo mwanafunzi anaweza kuimba nyimbo za Dikshitar miaka nenda rudi asilisikie jina la Mudaliar. Hiyo si haki. Taasisi hiyo, inapoelekea miaka 100, imtengee walau siku moja ya msimu wake.