Maneno ya Swali na Uzito wa Jibu: Kura za Amani katika Miji na Majimbo ya Marekani, 1966–1983

Utangulizi

Katiba ya Marekani inaweka mambo ya nje mikononi mwa serikali ya shirikisho. Rais hufanya mikataba kwa idhini ya Seneti, na Kongresi ndiyo yenye mamlaka ya kutangaza vita. Mji hauna sauti ya kisheria katika mambo hayo. Hata hivyo, tangu miaka ya 1960, wapigakura wa miji na majimbo kadhaa waliulizwa kuhusu vita na silaha kwa njia ya kura ya ushauri. Makala haya yanachunguza maswali waliyoulizwa. Hoja yake kuu ni kwamba, kwa kuwa sheria haikuzipa kura hizo nguvu yoyote, uzito wake ulitegemea sana namna swali lilivyotungwa.

Swali la Vietnam

Novemba 1967, wakazi wa San Francisco waliulizwa iwapo mapigano yasitishwe na majeshi ya Marekani yaondolewe Vietnam mara moja. Waliokubali walikuwa takriban 37%. Swali hilo lilifunga madai mawili katika fundo moja. Mpigakura aliyetaka mapigano yakome, lakini aliyehofia kuondoka kwa ghafla, hakuwa na mahali pa kuweka alama yake. Kwa sababu hiyo, “hapana” ya wengi ilizaa tafsiri mbili: waliounga mkono serikali waliweza kuisoma kama idhini ya vita, ilhali wapinzani waliweza kudai kwamba wengi walikataa haraka tu.

Hata hivyo, maneno peke yake hayaelezi kila kitu. Katika mji wa Dearborn, Michigan, pendekezo la kuondoa majeshi lilishindwa mwaka 1966, lakini mwaka 1968 wengi walilikubali. Kati ya kura hizo mbili kulikuwa na shambulio la Tet la Januari 1968, lililotikisa imani ya umma kuhusu mwenendo wa vita.

Swali la Silaha za Nyuklia

Mwaka 1980, mtafiti Randall Forsberg aliandika wito wa kusitisha mashindano ya silaha za nyuklia. Wito huo ulikuwa na sifa tatu. Kwanza, ulizitaka Marekani na Umoja wa Kisovieti kwa pamoja, hivyo aliyeukubali hakuweza kuambiwa kirahisi kwamba anaisalimisha nchi yake. Pili, ulitaja vitendo vinavyoonekana: majaribio, utengenezaji na uwekaji wa silaha. Tatu, ulidai uhakiki wa pande zote. Juu ya hayo, vuguvugu lake lilijulikana kwa sitiari ya kuganda, picha iliyoeleweka hata na asiyejua aina za makombora. Sitiari hiyo ilikuwa na makali pande mbili, kwani serikali ya Ronald Reagan ilijibu kwamba kugandisha hali kungegandisha pia ubora wa silaha za Wasovieti.

Njia za kuuliza zilitofautiana. Katiba ya Massachusetts ya 1780 inawapa wananchi haki ya kuwaagiza wawakilishi wao. Kwa msingi huo, mwaka 1980 wapigakura wa magharibi mwa jimbo hilo walimwagiza mwakilishi wao katika Seneti ya jimbo apeleke ombi kwa Rais. Machi 1982, wakazi wa Vermont walijadili suala hilo katika mikutano ya kila mwaka ya miji yao, palepale wanapojadili barabara na shule, na miji zaidi ya 150 ikaliunga mkono. Novemba mwaka huohuo, majimbo manane kati ya tisa yaliyopiga kura yalikubali, Arizona ilikataa.

Huko California, pendekezo lililoshinda kwa kura chache lilimtaka gavana amwandikie Rais barua. Kilichopigiwa kura, kwa hakika, kilikuwa barua hiyo. Wapigakura hawakuamrisha, waliomba kwa sauti moja iliyohesabiwa.

Matokeo

Mei 1983, Baraza la Wawakilishi lilipitisha azimio la kusitisha silaha, likiwa limerekebishwa, kwa kura 278 dhidi ya 149. Seneti ililikataa baadaye mwaka huo. Hakuna kombora lililoondolewa kwa sababu ya kura hizo pekee, na mkataba wa makombora ya masafa ya kati wa 1987 ulikuwa na vyanzo vingi. Lakini suala lililokuwa la wataalamu lilikuwa limefika katika mkutano wa mji, na wawakilishi walilazimika kulijibu hadharani.

Hitimisho

Kura ya ushauri haina askari wala hakimu wa kuilinda. Ina maneno yake tu. Palipo na swali linalobana madai mengi, jibu hupotea katika tafsiri. Palipo na swali linalotaja kitendo, wahusika na namna ya kuhakiki, hata “ndiyo” isiyo na nguvu ya sheria huwa vigumu kupuuzwa. Anayetunga swali hushika nusu ya jibu. Kwa hiyo utungaji wa maswali ya kura, katika lugha ambayo mpigakura anaielewa barabara, ni kazi ya wanaisimu sawa na ilivyo ya wanasheria.